Nilipomwagilia Bahari: Msimu Wangu wa Kwanza wa Makapu ya Mboga Lindi

Watu wanaoniuliza habari za makapu ya mboga huanza na mtaji. Niutaje mapema tumalizane nao: shilingi 880,000, na hazikuwa zangu. Zilikuwa za kaya 22 za Lindi mjini. Kila kaya ilitoa 40,000 mwezi wa sita, ikaahidi 40,000 nyingine mwezi wa tisa, na mimi nikaahidi kuwapelekea kapu la mboga la 5,000 kila Jumamosi kwa wiki 16. Ndiyo biashara yenyewe. Mkulima analipwa kabla ya kuotesha, mlaji anakula mboga ambayo shamba lake analijua. Ukielezwa hivyo inapendeza. Mimi ilinipendeza mpaka Oktoba.

Wazo lilianzia kwenye mvua. Mei 2024 kilipopita kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika upande wa Somanga, na sisi wa Lindi tukajikuta tunahesabu nyanya moja moja. Wakati huo nilikuwa na meza ya vitenge Rahaleo. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu wa Mtanda, alisimama pale na mfuko wake wa sokoni ukiwa mtupu akasema, "Tuna mto Lukuledi wote ule, na bado tunasubiri nyanya za kwenye lori?" Aliyasema kwa kupita tu. Mimi nikabaki nayo.

Shangazi yangu wa Mingoyo ndiye aliyenitafutia shamba, na ndiye pia aliyenionya. Nilimweleza mpango wote tukiwa barazani kwake, yeye anasuka pakacha. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuinua kichwa.

"Kwa hiyo wanakupa hela sasa, mboga waje kula Agosti?"

"Ndiyo, shangazi."

"Sasa hiyo si kangomba?"

Kwa msomaji asiye wa kusini: kangomba ni ule ununuzi wa korosho wa kificho. Mtu anakuja kijijini miezi ya ukata, anakupa hela kidogo kwa korosho ambazo bado ziko juu ya mti, msimu ukifika anabeba mzigo wako kwa bei ya kukunyonga. Serikali inaupiga vita kila mwaka na kila mwaka upo, kwa sababu ukata nao kila mwaka upo. Nilicheka. Nikamwambia kangomba ni bei ya dhuluma, hawa wananilipa bei ya soko. Akasema, "Bei sijaitaja mimi. Nasema hela utakuwa umeshaila na jembe bado unalo mkononi."

Shamba lenyewe ni nusu eka, chini kabisa bondeni, mwendo mfupi kabla ya mikoko kuanza. Kulikodi msimu mzima ilikuwa 120,000. Kipande cha juu yake, chenye kisima kando, kilikuwa 200,000. Nikachukua cha bei nafuu, nikanunua pampu ya petroli iliyotumika kwa 450,000, na mwenye shamba akanihakikishia kwamba kwenye kijito kile maji hayakatiki mwaka mzima. Hakunidanganya. Hayakukatika hata siku moja. Nilichopaswa kumuuliza ni ladha ya maji hayo mwezi wa kumi, na swali kama hilo halimjii mtu aliyetoka kuuza vitenge.

Mbegu 96,000. Samadi 70,000. Ikabaki 144,000 mkononi nikajiona tajiri. Daftari la kipindi kile ninalo mpaka leo, na hakuna popote nilipoandika bajaji. Kutoka Mingoyo hadi mjini, kisha kuzunguka Mikumbi, Rahaleo, Wailes na Mtanda, ni 12,000 kila Jumamosi. Mara 16 ni 192,000. Sijui nilidhani mboga zitatembea. Ukitaka kufanya kazi hii, bei ya kapu ianze na usafiri, kisha vibarua, halafu ndipo uje kwenye mbegu. Kati ya hizo tatu mbegu ndiyo gharama ndogo, na ndiyo tunayoihesabu kwa makini kuliko zote.

Kosa la pili nililibeba kutoka Ngongo. Kwenye viwanja vya Nanenane nilishaona matuta yaliyoinuliwa, yamenyooka kama vitanda vya nyumba ya wageni, nikaweka moyoni kwamba siku nikilima nitalima hivyo. Nikalima hivyo mwezi wa saba, kusi ikivuma. Upepo ukayakausha matuta pande zote mbili na juu. Asubuhi namwagilia, saa sita udongo unapeperuka. Jirani yangu wa bondeni, mzee mmoja ambaye nusu ya maisha yake ni jembe na nusu ni ngalawa, alinitazama wiki nzima. Kisha akaja. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kisiki.

"Kiangazi tunalima shimoni, mwanangu. Juu tunalima masika."

Tukayabomoa yote, tukafanya majaruba, vile vitanda vya kuzama chini vinavyoshika maji. Tukatandaza nyasi kavu juu ya udongo, na kwenye kitalu tukasimamisha makuti kuzuia jua la mchana. Siku nne za vijana wawili ziliishia hapo. Kila mmoja nilikuwa namlipa 5,000 kwa siku, mwisho saa sita. Maji ya kumwagilia yakapungua kwa namna ambayo hata pampu ilipumzika.

Kapu la kwanza lilitoka Jumamosi Agosti 17. Hapa ruhusa ya kujisifu kidogo naiomba, kwa sababu wiki tisa zile zilikuwa nzuri. Tulikuwa tunaingia shambani kungali na giza, na taa za kichwani. Mchicha na chainizi tunaanza navyo kabla jua halijavigusa, kwa sababu jani lililovunwa limeshapata joto litanyauka hata ukiliweka kwenye barafu. Tunalaza mafungu ndani ya magunia ya katani yaliyoloweshwa, mashina upande mmoja. Bamia ni za kisu, na ni za siku moja ndiyo siku moja hapana. Ukizipa siku mbili zaidi unapeleka kamba, si mboga. Matango yana tabia ya kujificha chini ya majani yake, lile uliloliruka leo, Jumanne unalikuta limekuwa jitu la manjano. Nyanya tulikuwa tunachuma zikianza tu kupata wekundu begani, kavu, bila kuziosha. Nilipanda Rio Grande, zile zenye umbo la yai, kwa kuwa ngozi yake ni ngumu na barabara ya kutoka bondeni ni mashimo matupu. Zilianza kutoka Septemba 21. Nakumbuka tarehe kwa sababu siku hiyo mama mmoja wa Wailes aliipokea ya kwanza, akaipangusa kwenye kanga, akaila pale pale mlangoni kama embe.

Jambo dogo lililonisaidia kuliko nilivyotegemea: kwenye kila kituo cha kugawia niliacha pakacha moja tupu. Asiyependa figiri anaiacha humo, anachukua alichoacha mwenzake. Kabla ya hapo nilikuwa napokea simu za figiri kila Jumamosi jioni. Figiri ina uchungu, nakubali, lakini si mimi niliyeiumba.

Septemba ikafika na awamu ya pili ya malipo. Kaya 15 zikalipa. Saba kimya. Nikakasirika, nikaandika ujumbe mkali kwenye kundi letu la WhatsApp, halafu shangazi akaniuliza swali ambalo nilitakiwa kujiuliza mwezi wa sita: hao saba wanakula wapi? Nikaanza kuwapitia mmoja mmoja. Mume wa huyu ana mikorosho Mtama. Huyu ana duka, lakini wateja wake ni wakulima. Yule anategemea kaka yake wa Ruangwa. Mwezi wa sita walilipa bila shida kwa sababu ufuta ulikuwa unauzwa na hela ilikuwa mtaani. Mwezi wa tisa korosho ndiyo kwanza zinaanza kudondoka, minada bado, na hata mnada ukipita hela inachukua muda hadi imfikie mkulima. Septemba Lindi ni mwezi wa mifuko iliyogeuzwa nje. Mwenye mshahara haoni tofauti. Mimi nilipanga tarehe kwa kalenda ya mwenye mshahara, nikawatukana wenye kalenda nyingine. Niliomba radhi kwenye kundi lile lile. Sita wakaja kulipa Novemba. Mmoja hakulipa kabisa, na nimeshaacha kumdai.

Korosho zikanigusa upande wa pili pia. Wiki ya kwanza ya Oktoba kijana wangu mmoja akaniaga. Hakuwa na ugomvi wala hakudai nyongeza. "Dada, naenda nyumbani kuokota." Huwezi kumzuia mtu asiokote korosho za mama yake. Aliyebaki naye, mabibo, yale matunda ya mkorosho, yalipoanza kuwa mengi, Jumatatu zake zikawa za mashaka. Uraka wa Jumapili, pombe ya mabibo hayo, una nguvu kuliko kengele ya simu. Nilibaki naokoteza vibarua wa siku moja moja, na kibarua wa siku moja anang'oa mchicha pamoja na mizizi ya jirani yake. Anayelima mboga ukanda huu ajue kwamba kuanzia Oktoba anashindana na mkorosho kwa mikono ya watu, na mkorosho utashinda. Shamba liwe limeshapungua ukubwa ifikapo wakati huo. Langu lilikuwa ndilo linazidi kutanuka.

Bonde nalo lilikuwa linabadilika, na mimi nilikuwa sitazami. Kusi ilishalegea, ikawa tangambili, upepo unaokuja huku na kurudi kule bila kuamua. Joto likapanda. Moshi wa watu wanaosafisha mashamba ukawa unakaa juu ya mikoko kila jioni. Bilinganya zikaingiwa na utitiri mwekundu, majani yakawa kama yamenyunyiziwa vumbi la matofali. Maua ya nyanya yakaanza kupukutika bila kushika tunda. Dalili zote hizo zilikuwa zinasema msimu unafunga, na mimi nilikuwa na daftari linalosema bado wiki sita.

Sasa tufike kwenye chumvi.

Usiku wa Oktoba 17 mwezi ulikuwa mpevu, mkubwa kuliko kawaida. Hata redioni walitangaza kwamba ndio ulikuwa karibu zaidi na dunia kwa mwaka ule. Nilitoka nje kuutazama kama watu wengine. Jumapili ya tarehe 20 na Jumatatu yake, kibarua hayupo, nilishuka mwenyewe kumwagilia saa kumi jioni. Kijito kimejaa hadi kwenye majani ya ukingoni. Wiki mbili nzima nilikuwa nimekikuta kimesinyaa, mpira wa pampu unavuta tope, kwa hiyo nilifurahi. Nikawasha pampu siku zote mbili hadi magharibi. Nikamwagilia shamba zima, na kwa ajili ya utitiri nikayapiga maji majani ya bilinganya juu na chini, kuyaosha vizuri.

Jumatano kingo za mchicha zilikuwa za kahawia, kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Maharage machanga, niliyoyapanda ili yajaze makapu ya Novemba, yalikuwa yamelala. Matango yamejikunja. Nilidhani ni ugonjwa. Nikampigia simu muuza pembejeo, akaniuzia dawa ya ukungu, 14,000, nikapiga jioni ile ile. Dawa ya ukungu kwenye mmea unaokufa kwa kiu! Kwa sababu ndicho kilichokuwa kinaendelea: chumvi ikizidi kwenye udongo, mzizi unashindwa kuvuta maji hata kama umesimama ndani yake.

Mzee alipita Alhamisi asubuhi. Hakugusa jani. Alishuka kijitoni, akachota maji kwa kiganja, akayaweka mdomoni, akatema.

"Ulimwagilia lini?"

"Jumapili na Jumatatu, mzee. Saa kumi."

"Bamvua saa kumi ndiyo imejaa." Akanitazama kwa huruma, nadhani ndiyo iliyoniuma zaidi. "Umemwagilia bahari, mwanangu."

Kila mtu wa pwani anajua bamvua. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanajaa sana na kupwa sana. Hata mimi, mtoto wa Lindi, najua. Ila nilikuwa naijua kwa mambo ya samaki, sikuwahi kuipeleka shambani. Mwezi wa sita Lukuledi ina nguvu, inaisukuma bahari huko huko ghubani, unaweza kumwagilia saa yoyote. Kadiri kiangazi kinavyoendelea mto unakonda, na bahari inapanda hatua kwa hatua. Mwezi wa kumi, siku za bamvua, imeshafika kwenye mpira wa pampu yako. Kijito kilichojaa ambacho nilikishangilia kilikuwa kimejazwa kutoka chini.

Ninavyofanya sasa ni hivi. Kuanzia Septemba sichoti kijitoni bila kuonja, na naonja ya chini, kwa chupa iliyofungwa kamba na jiwe, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito, yanatambaa chini na ya juu yanaweza kukudanganya. Siku za bamvua kwetu maji yanajaa alfajiri na jioni, mnamo saa kumi, na kupwa saa nne asubuhi. Kama ni lazima kuchota, nachota yakiwa yamepwa. Oktoba sichoti kabisa. Na sinyunyizii majani, naweka maji kwenye shina, hata yakiwa matamu. Mimea nayo haifanani: maharage yalikufa yote, mchicha na matango nusu, nyanya zikasimama kuzaa, lakini spinachi ilisimama wima pale katikati kana kwamba imenyeshewa mvua. Kipande cha chini kabisa sasa ni cha spinachi peke yake.

Kwa hiyo Ijumaa ya Oktoba 25 nilikuwa na spinachi, matembele kidogo, nyanya chungu, na kaya 22 zinazosubiri kesho. Nilikuwa nimeahidi kwa maandishi "kapu lenye mboga zisizopungua aina sita". Ile sentensi niliiandika mwezi wa sita, udongo una unyevu na roho imenyooka.

Ningeweza kuwaandikia usiku ule. Nilishika simu mara mbili. Nikaona aibu. Alfajiri nikaenda sokoni mjini nikanunua ndoo mbili za nyanya kwa 56,000, nikazigawa kwenye makapu nikafunika kwa spinachi. Nusu ya hela ya wiki nzima iliishia kwenye ndoo zile. Mtanda, kapu la tatu tu, mama mmoja akatoa nyanya, akaigeuza kwenye mwanga.

"Dada, zako zina umbo la yai. Hizi za duara umezitoa wapi?"

Nikamwambia ni mbegu nyingine. Ndiyo, nilimdanganya, mtu mzima mwenye akili zake, anayenunua nyanya tangu sijazaliwa. Hakubisha. Alizirudisha kwenye kapu moja moja, akasema "haya", akaingia ndani. Mpaka nafika Mikumbi picha ya nyanya za duara ilishafika kwenye kundi, bila neno lolote chini yake.

Jumapili mchana nikawaita. Walikuja 16, tukakaa chini ya mwembe nyumbani kwa yule mwalimu mstaafu. Nilibeba daftari na kifungu cha mchicha ulioungua. Nikasema yote: pampu, mwezi, dawa ya 14,000, soko, na uongo wa mbegu. Sitasema walinikumbatia. Mama mmoja alidai hela ya wiki tano zilizobaki, 25,000, nikampa pale pale, na alikuwa na haki. Baba mmoja wa bandarini akauliza kama nimeshawahi kuwapa za sokoni kabla ya hapo. Nikasema hapana, akasema atajuaje. Sikuwa na jibu. Mjadala mrefu ulikuwa kuhusu hasara ni ya nani. Wengine waliona shamba likifa ni langu, wao wananidai mboga. Wengine wakasema tulipoingia tulijua ni shamba, si duka. Kwa kweli hakuna aliyekuwa amelijua hilo, kwa sababu sikuwa nimemwambia mtu. Karatasi yangu ya Juni ilieleza watapata nini. Haikuwa na mstari hata mmoja wa itakuwaje wasipopata.

Tukakubaliana kwamba Novemba kapu litakuwa na kilichopo, na kila Ijumaa nitaandika kilichopo na ambacho hakipo, na sababu. Na yeyote anakaribishwa kushuka Mingoyo kuona kwa macho.

Nilikodi kisima cha kile kipande cha juu, kile kile nilichokikwepa kwa kuokoa 80,000. Shilingi 3,000 kwa siku ya kuchota, siku nne kwa wiki, kwa wiki tano. Hesabu ni 60,000. Tukabeba kwa madumu na kumwagilia kwa keni, sehemu ndogo tu iliyofaa kuokolewa. Makapu ya Novemba yalikuwa ya ajabu ajabu. Matembele, spinachi, kisamvu kutoka kwa shangazi, nyanya chungu, maembe mabichi. Maboga niliyoyasahau kwenye mpaka wa shamba ndiyo yaliyotuokoa: yakatwe na kikonyo chake, yakae kivulini mahali pakavu, yanavumilia miezi. Shangazi akatufundisha majani ya kunde. Anayachemsha kidogo kwenye maji yenye chumvi, anayaanika kivulini siku mbili tatu mpaka yavunjike mkononi. Kifuko kimoja cha majani makavu kwenye kila kapu. Niliogopa watayadharau. Mwalimu mstaafu akaomba viwili, anampelekea binti yake Dodoma.

Kila Ijumaa niliandika. "Nyanya hakuna, maua yamepukutika kwa joto. Bilinganya hakuna, utitiri. Maboga yapo." Kuandika neno "hakuna" mara ya kwanza kulinitoa jasho. Mara ya tatu watu walikuwa wananijibu kwa mapishi.

Novemba 16 wakashuka watano, pamoja na yule mama wa nyanya za duara. Alizunguka shamba lote kimya, akafika kwenye mchicha ulioungua akachuma jani moja akalionja. "Kumbe halihitaji chumvi," akasema, nikacheka hadi nikakaa chini. Tulivuna pamoja, tukachemsha ming'oko, vile viazi pori vya kusini, aliyoileta kijana wangu, yule wa korosho, aliyekuwa amepita kusalimia na mfuko mzima. Mibuyu ya upande wa barabarani ilishachipua majani wakati ardhi yote ni vumbi. Mzee akasema mvua haiko mbali.

Kapu la mwisho lilitoka Novemba 30. Desemba mvua ya kwanza ya maana ikapiga usiku, asubuhi kumbikumbi wamejaa barazani. Shamba la chini niliacha lioshwe. Mzee alinishauri nisiliguse hadi masika yapite juu yake, na nisifikirie nyanya wakati wa mvua, ukungu utazimaliza.

Nikafunga daftari. Makusanyo 1,695,000, baada ya kurudisha ile 25,000 na kumwachia aliyekwama 40,000. Matumizi: shamba, pampu, mbegu na samadi 736,000; vibarua 450,000; petroli 208,000; bajaji 192,000; kisima 60,000; dawa na nyasi 58,000; nyanya za watu wengine 56,000. Jumla 1,760,000. Hasara 65,000, na hapo mimi sijajilipa hata nauli, ila pampu ninayo. Meza ya vitenge nilikuwa nimemwachia mdogo wangu, naye aliniuliza kwa upole kama naitaka.

Mwaka 2025 nilirudi na kaya 17, kati yao 14 za zamani. Tulipanga wiki 12 badala ya 16, kumaliza mwisho wa Septemba, kabla mto haujakonda na vijana hawajaenda kuokota. Oktoba na Novemba ni hiari: anayetaka maboga na majani makavu analipia wiki kwa wiki. Malipo ni Juni kwa wote, ila anayetegemea korosho anaruhusiwa kulipa nusu Desemba, na jina lake linaandikwa hivyo tangu mwanzo ili nisije nikatukana mtu tena. Nilikodi kipande cha juu. Karatasi ya makubaliano sasa ina kurasa mbili, na ya pili inaanza na neno "Ikitokea".

Mama wa Mtanda alikuwa wa kwanza kulipa. Alituma 60,000 zote kwa mkupuo, na ujumbe: "Umbo la yai, tafadhali."